MAISHA YA DIAN FOSSEY, AU NAMNA YA KUSOMA PUA



Mwezi uliopita kulitokea ugomvi darasani mwetu juu ya pua. Mwalimu wa biolojia alikuwa ameandika ubaoni neno fenotipi. Alieleza kwamba ni yale yote ya kiumbe yanayoonekana au yanayoweza kupimwa: urefu, rangi, sauti, aina ya damu, hata ugonjwa. Akatuomba mifano. Mmoja wetu akasimama, akaonyesha kwa kidole pua ya mwenzetu, akasema mbele ya wote kwamba kwa pua kama ile mtu anajulikana ametoka upande gani. Wengi wetu tulicheka. Yule mwenye pua hakucheka. Kesho yake hakuja shuleni, na kesho kutwa pia.

Hapa Goma hakuna asiyejua maneno ya namna hiyo yanafikisha watu wapi. Mwaka 1994, ng'ambo ya mpaka, watu waliuawa kwenye vizuizi vya barabara kwa kuangaliwa kadi na sura. Na huku kwetu Kivu pia wako watu waliosumbuliwa na kuuawa juu ya sura tu. Kwa hiyo mwalimu hakuona ile kuwa mchezo. Hata hivyo hakupiga mtu. Alitupa kazi: tutafute maisha ya mtu mwenye jina kubwa, aliyekufa zamani, ambaye alitumia pua katika kazi ya sayansi, kisha tuyaandike katika gazeti hili.

Tulimpata, tena hatukwenda mbali. Kartie yetu ya Katoyi iko katika komine ya Karisimbi. Asubuhi, mawingu yakiondoka, tunaiona milima: Nyiragongo hapa karibu, na kule nyuma Mikeno na Karisimbi yenyewe. Katikati ya hiyo miwili ya mwisho kuna uwanda wa majani unaoitwa Kabara. Hapo ndipo Dian Fossey alianzia kazi.

ALIANGUKA KATIKA KEMIA

Dian Fossey alizaliwa tarehe 16 mwezi wa kwanza mwaka 1932 mjini San Francisco, Marekani. Wazazi wake waliachana alipokuwa na miaka 6, akalelewa na mama na baba wa kambo. Alipenda sana wanyama, hasa farasi. Alipofika chuo kikuu alianza masomo ya kumpeleka kwenye uganga wa wanyama, lakini kemia na fizikia zilimshinda. Ndiyo, wasomaji: mtu ambaye baadaye alijulikana ulimwenguni kote alianguka katika kemia. Wale wenzetu waliolia juu ya bulletin za mwezi wa pili wapate moyo kidogo, lakini wasiache kusoma.

Alihamia chuo kingine, San Jose, akajifunza kazi ya kuwasaidia wagonjwa na walemavu wajifunze tena kutumia viungo vyao. Alimaliza mwaka 1954. Halafu alifanya kazi miaka mingi katika hospitali ya watoto walemavu mjini Louisville, jimbo la Kentucky. Huko alizoea kukaa na mtoto mmoja kwa saa nyingi, akiangalia mkono mmoja, kidole kimoja, bila haraka. Sisi tunaona shule yake ya kweli ilikuwa hiyo.

Mwaka 1963 alikopa pesa akaja Afrika. Huko Olduvai, Tanganyika ya wakati ule, alikutana na Louis Leakey, yule mtaalamu wa mifupa ya watu wa kale. Katika shimo la uchimbaji aliteleza akateguka mguu. Hata hivyo alipanda hadi Kabara na mguu wake wenye kuvimba, akawaona gorila wa mlimani kwa mara ya kwanza. Ni wale ambao wengi hapa kwetu wanawaita ngagi. Alirudi Marekani, lakini moyo wake ulibaki kule juu.

Miaka 3 baadaye Leakey alikutana naye tena huko Louisville. Alikuwa anatafuta mtu wa kukaa na gorila muda mrefu. Alimshauri Dian atoe kwanza apendisi, sababu huko mlimani hakuna daktari wa kupasua. Dian alienda akapasuliwa kweli. Kumbe Leakey alikuwa anataka tu kuona kama ana nia.

KABARA, 1967

Mwanzoni mwa mwaka 1967 alikuwa Kabara, katika hema, kwenye baridi kali na mvua isiyokwisha, kwa urefu wa zaidi ya mita 3,000. Mtu aliyemfundisha kufuata nyayo alikuwa Mkongomani, Sanwekwe, aliyeijua misitu ile tangu ujana wake. Tunaliandika jina lake makusudi, sababu vitabu vinamsahau upesi.

Shida ya kwanza ilikuwa hii: gorila wote ni weusi, wote wana manyoya, wote wanajificha majanini. Utajuaje kwamba huyu wa leo ni yule wa jana? Bila kumjua mmoja mmoja huwezi kusema nani mama ya nani, nani amehama kikundi, nani amekufa.

Fossey alipata jibu kwenye pua. Juu ya matundu ya pua ya gorila kuna mistari na mikunjo. Gorila hawa wawili hawafanani mikunjo, sawa vile watu wawili wasivyofanana alama za vidole. Kabla yake mtaalamu George Schaller, aliyekaa Kabara miaka ya 1959 na 1960, alikuwa naye ameangalia pua hizo. Fossey alichora kila pua kwa kalamu kwenye karatasi, akaandika jina pembeni. Ikawa kadi ya kila mnyama. Hadi leo wachunguzi wa gorila wa milima hii wanachora pua vilevile.

Basi hiyo ndiyo fenotipi katika kazi yake ya kwanza: sura ya nje ikitumika kumtambua mmoja asichanganywe na wengine.

Kazi ya Kabara haikudumu. Mwezi wa saba mwaka ule mamluki waliasi katika nchi yetu, na kila mzungu aliyeonekana porini alishukiwa. Tarehe 9 askari walimteremsha mlimani, wakamzuia Rumangabo, pale kwenye njia ya Rutshuru, kama wiki 2. Alipata njia ya kutoroka, akavuka hadi Kisoro, Uganda. Tarehe 24 mwezi wa tisa, mwaka huohuo wa 1967, alifungua kambi mpya upande wa Rwanda, kati ya milima ya Karisimbi na Bisoke. Alichukua mwanzo wa jina moja na mwisho wa jingine, akaiita Karisoke.

KIDOLE CHA DIGIT

Karisoke alikaa karibu miaka 18. Alijifunza kutembea kwa magoti na mikono, kutafuna majani, kujikuna, na kutoa sauti za gorila ili wasiogope. Mwaka 1970 gorila dume aliyeitwa Peanuts alinyosha mkono akagusa mkono wake. Watu wa mlimani walimpa jina la Nyiramachabelli. Alipata udaktari katika chuo kikuu cha Cambridge, yeye aliyeangushwa na kemia.

Kati ya gorila wote mmoja alimpenda zaidi. Alimwita Digit, neno la Kiingereza lenye maana ya kidole, juu ya kidole chake cha kati kilichopinda. Ilionekana kama kidole kile kiliwahi kuvunjika.

Hapa, wenzetu, tusimame kidogo, sababu fundisho la mwalimu liko katika kidole hiki. Katika baadhi ya gorila wa Virunga Fossey aliona pia vidole vilivyoshikamana kwa ngozi, na macho yenye makengeza. Kwa kuangalia tu, kidole kilichopinda na vidole vilivyoshikamana ni vitu vya aina moja: kasoro ya mkono. Vyote viwili ni fenotipi. Lakini asili yake si moja. Kidole kilichovunjika ni ajali, na mtoto hawezi kukirithi. Vidole vilivyoshikamana mnyama anazaliwa navyo, na Fossey alifikiri vinaweza kuwa dalili kwamba gorila wamebaki wachache mno hata wanazaana ndugu kwa ndugu. Jicho linaona kasoro, lakini jicho peke yake haliwezi kusema imetoka wapi.

Neno fenotipi lenyewe lilitungwa mwaka 1909 na Wilhelm Johannsen, mtu wa Denmark. Yeye hakushughulika na gorila. Alishughulika na chakula chetu cha kila siku, maharagwe. Alichukua maharagwe yaliyotoka katika mmea mmoja unaojizalisha wenyewe, akatenga makubwa upande mmoja na madogo upande mwingine, akapanda yote. Mama zetu wangesema makubwa yatazaa makubwa. Hapana. Watoto wa makubwa na watoto wa madogo walitoka na uzito wa wastani uleule. Ukubwa ule ulikuwa umetoka katika udongo, jua, na nafasi ya kila punje katika ganda lake. Haukuwa katika urithi. Basi Johannsen akatenganisha mambo mawili: jenotipi, yaani urithi uliofichwa ndani, na fenotipi, yaani kile kinachoonekana baada ya urithi na mazingira kufanya kazi pamoja. Neno jeni nalo ni lake.

KILE AMBACHO JICHO HALIONI

Mawazo ya Fossey juu ya vidole vile yalingoja miaka mingi. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba wamesoma ADN yote ya gorila 13 wa mashariki, 7 kati yao wakiwa gorila wa mlimani. Damu ilikuwa imekusanywa na waganga wa wanyama, kidogo kidogo, walipokuwa wanawatibu. Kila kiumbe kama sisi hupokea nakala moja ya urithi kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Kwa gorila wa mlimani, katika karibu theluthi moja ya urithi wote, nakala hizo mbili zilifanana kabisa. Maana yake baba na mama walikuwa watu wa ukoo mmoja, kizazi baada ya kizazi. Lakini kulikuwa na neno la kutuliza: kasoro nyingine za hatari kabisa zilikuwa zimepungua, sababu wale waliorithi nakala mbili mbaya hawakuishi wakazaa. Jambo hili pua haiwezi kulisema.

Kwa watu ni hivyohivyo. Tuchukue ugonjwa wa SS, ambao madaktari wetu wanauita drepanositozi. Katika mtaa kama Katoyi ni nani asiyejua familia moja yenye mtoto wa namna hiyo? Mtu wa AS anabeba jeni moja ya ugonjwa na moja nzima. Ni mzima, anacheza mpira, anabeba jerikani ya maji juu ya mawe ya volkano. Kwa kumwangalia huwezi kumjua. Wawili wenye AS wakioana, kwa kila mimba nafasi ni 1 katika 4 mtoto awe SS. Ndiyo sababu madaktari wanashauri wachumba wapimwe damu kabla ya arusi. Sura nzuri ya mchumba haitoshi, wala pua yake.

Na hiyo pua sasa? Umbo lake linatokana na jeni nyingi zikishirikiana, kila moja ikiongeza kidogo. Ndiyo maana watoto wa tumbo moja wanakuwa na pua mbalimbali. Tena pua haituambii aina ya damu. Mgonjwa akihitaji damu hospitalini, anayefaa kumwokoa anaweza kuwa yule asiyefanana naye hata kidogo, na ndugu yake wa mama mmoja akakataliwa.

Tukumbuke pia kwamba wakati wa Wabelgiji walikuwako wapimaji waliopita katika nchi za jirani na vyombo vya chuma, wakipima pua za watu. Fossey alichora pua, na hao walipima pua. Mbona basi kazi moja ilisaidia, na nyingine ikaleta sumu? Sisi tumejadiliana sana juu ya swali hili. Jibu letu ni kwamba Fossey alitafuta katika pua kile kinachomtenga mmoja na wengine wote, apate kumwita kwa jina. Wale wapimaji walitafuta kile cha kuwatupa watu elfu katika fungu moja, ili mmoja asionekane tena.

MWISHO WAKE, NA MAKOSA YAKE

Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1977 wawindaji haramu walimwua Digit kwa mikuki alipokuwa anakinga kikundi chake. Walimkata kichwa na mikono. Mkono wenye kile kidole ukaenda pamoja.

Tangu siku ile Fossey aliongeza vita juu ya wawindaji. Hapa hatutaki kuandika kama wale wanaosifu marehemu hadi anakuwa malaika. Aliharibu mitego, na hiyo ilikuwa haki. Lakini alipiga risasi ng'ombe za wafugaji, alitisha watu, na walioshikwa kambini mwake walitendewa vibaya. Kwa gorila alijua kila pua. Kwa watu wa kando ya msitu, mara nyingi hakutaka kujua nani ni mwindaji wa kuuza na nani ni mzazi mwenye njaa aliyetega paa ili watoto wale. Aliwaweka katika fungu moja. Yeye mwenyewe, aliyegundua njia nzuri ya kutambua mmoja mmoja, aliikosa mahali ilipohitajika zaidi.

Mwaka 1983 kilitoka kitabu chake, Gorillas in the Mist, ambacho kilisomwa nchi nyingi. Mwisho wa mwezi wa kumi na mbili mwaka 1985, usiku baada ya Noeli, aliuawa kwa panga katika nyumba yake ya Karisoke. Alikuwa na miaka 53. Mahakama ya Rwanda ilimhukumu Mmarekani mmoja bila yeye kuwapo, lakini wengi hawakuridhika na hukumu ile. Alizikwa kulekule mlimani, kando ya Digit.

Tukipima kazi yake kwa hesabu, ni hivi. Mwaka 1960 Schaller alikadiria gorila wa Virunga kuwa kama 450. Mwaka 1981 walibaki kama 250. Katika hesabu ya mwaka 2015 na 2016 walipatikana 604. Si Fossey peke yake aliyefanya hayo. Mwaka 1986 walianza kazi waganga wa wanyama aliokuwa ameomba, ambao wanamwangalia gorila kwa mbali: anakohoa? anatoa makamasi? anachechemea? Wanasoma fenotipi kabla ya kugusa damu. Na walinzi wa bustani, Wakongomani, Wanyarwanda na Waganda, wengi walikufa kazini katika vita za miaka hii. Majina yao yastahili ukurasa wao siku nyingine.

TULIVYOFANYA DARASANI

Yule mwenzetu alirudi siku ya tatu. Aliyemwonyesha kidole alimwomba radhi mbele ya darasa, na sisi tuliocheka tuliomba pia, sababu bila kicheko chetu lile neno lingeanguka chini. Hakusema mengi. Alikaa kwenye benchi lake.

Halafu mwalimu alitugawia karatasi na kalamu za risasi. Kila mmoja achore pua ya jirani wake wa benchi kwa dakika 20, kwa makini, sawa vile Fossey alivyochora za gorila, na aandike jina chini. Jaribuni, mtaona si rahisi. Dakika 5 za kwanza unachora pua unayoifikiri. Ni baadaye tu unaanza kuona ile iliyo mbele yako: kovu dogo la kuanguka kwenye mawe, tundu moja kubwa kuliko jingine, mkunjo anaokuwa nao pia dada yake wa mwaka wa pili. Mwisho tulichanganya karatasi bila majina kuonekana, tukajaribu kutambua nani ni nani. Tulitambua karibu wote. Kisha mwalimu akatuomba tupange michoro ileile kwa upande wa kutoka. Kila mmoja alipanga yake, na tulipofungua majina, hakuna hata mmoja aliyepata sawa.

Michoro imebandikwa ukutani, upande wa dirisha. Mnaruhusiwa kuja kuitazama wakati wa mapumziko, mradi msiguse.

Ni sisi, wanafunzi wa mwaka wa tano, Biokemia.